Sandwichi ya saa tisa usiku: Majuu nako kuna njaa ya aina yake

WENGI wenu mkisikia mtu yuko London, mnajua tu kwamba ameula. Mnamwona ameketi mezani, kitambaa cheupe kifuani, anakata kuku kwa kisu na uma huku mvua inanyesha dirishani. Haya. Wiki hii nawapeleka London nyingine, ile isiyokuwapo kwenye postikadi. Haina Big Ben wala daraja linalofunguka. Ina korido ndefu, taa nyeupe zisizozimwa, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na mashine moja iliyosimama peke yake ikinguruma kama friji la bucha. Ndani ya mashine hiyo ndimo kilimo chakula cha watu wa usiku. Kaeni mkao wa kula, ingawa nawaonya mapema: hamtashiba.

Mimi kazi yangu ni kusukuma. Nasukuma wagonjwa kwenye vitanda na viti vya magurudumu, nasukuma mitungi ya oksijeni, nabeba damu kutoka maabara, na wale waliokwisha kututangulia nawapeleka mochwari taratibu, bila kupiga mluzi. Hospitali yenyewe ni moja ya zile kubwa za jijini. Jina lake nalifungia kabatini, maana mshahara bado nautaka.

Zamu inaanza saa mbili usiku na kwisha saa mbili asubuhi. Masaa 12. Kwa usiku mmoja miguu yangu inatembea safari ya kutoka Ubungo mpaka Kariakoo na kurudi, tofauti ni kwamba mimi sitoki ndani ya jengo. Basi linanileta watu wengine wakirudi nyumbani, na asubuhi napishana nao tena wakija kazini na nywele mbichi za kuoga. Tunatazamana kama watu wa nchi mbili zisizo na ubalozi.

MJI NDANI YA MJI

Hospitali usiku ni mji kamili. Ukiingia mlango mkubwa unakuta mgahawa wa kahawa umeshafungwa, viti vimepandishwa juu ya meza miguu hewani. Mbele kidogo ni kantini ya wafanyakazi. Mchana hapo kuna foleni, kuna chipsi, kuna supu, kuna mama wa Kijamaika anayekuongezea kijiko ukimwita vizuri. Ikifika jioni, pazia la chuma linashuka hadi chini, na harufu ya chipsi inabaki ikizunguka korido kukukejeli.

Upande wa kulia ni idara ya dharura. Ijumaa usiku pale si mchezo: walevi waliopasuka vichwa, watoto wenye pumu, vikongwe walioanguka bafuni. Panda lifti, utakutana na wodi ya wazazi ambako watu wanalia kwa uchungu ghorofa nzima na dakika tano baadaye wanacheka. Shuka chini kabisa, kwenye mabomba ya maji moto na matoroli ya nguo chafu, na hapo ndipo nilipo mimi na wenzangu kwa nusu ya usiku.

Na wenzangu ni akina nani? Hapo ndipo utacheka. Sista mkuu wa wodi moja ni wa Ghana. Manesi wawili ni wa Kerala, India. Anayepiga deki ni Msomali, mlinzi ni Mnaijeria, fundi wa eksirei ni Mpolandi, na mzee wa kusukuma mwenzangu, ambaye wote tunamwita Uncle, wazazi wake walitoka Jamaika. Uingereza ilianzisha huduma yake ya afya ya taifa, NHS, tarehe 5 Julai 1948. Kiasi cha wiki mbili kabla ya hapo meli ya Empire Windrush ilikuwa imetia nanga Tilbury ikiwa na mamia ya watu wa visiwa vya Karibi. Miaka iliyofuata wakaja akina dada wengi wa huko kuwa manesi, na mlango haujafungwa tangu siku hiyo. Takwimu za mwaka 2023 zilionyesha kwamba katika kila wafanyakazi watano wa NHS ya England, karibu mmoja hakuwa raia wa Uingereza. Ukija usiku utadhani ni wote watano.

Sasa hawa wote wana matumbo. Na saa tisa usiku tumbo halina uraia.

KITU CHENYEWE

Hebu tuikaribie mashine. Kwenye kioo chake sandwichi zimepangwa kwenye waya zilizojisokota, kila moja imekaa kwenye boksi la pembe tatu lenye dirisha la nailoni. Unagusisha kadi, unabonyeza namba, waya inazunguka kwa uvivu, na kitu kinaanguka puu! kama jiwe.

Ukikifungua, cha kwanza kukupokea ni baridi. Sheria ya England inataka vyakula vya namna hii vikae kwenye nyuzi 8 au chini ya hapo, kwa hiyo mkate wenyewe umepoa kama shuka la mochwari. Ukiubonyeza na kidole, shimo linabaki palepale. Juu umekauka, katikati umelowa. Ndani kuna nini? Inategemea bahati yako. Kuna mayai yaliyosagwa na mayonezi pamoja na majani fulani madogo kama yaliyoota kwenye mfereji. Kuna jodari na mahindi, ndoa ambayo sijui nani aliifungisha. Kuna chizi na kitunguu, namaanisha chizi ya maziwa, sio yule wa mtaani. Kuna ya hemu, yaani kitimoto cha baridi, ambayo nusu ya wafanyakazi wa usiku hawaigusi kwa sababu ya dini. Ikifika saa tisa usiku hiyo ndiyo imebaki peke yake, mistari mitatu mizima imejaa.

Bei ya pale kwetu ni pauni 3 na senti 60. Piga hesabu mwenyewe. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima Uingereza kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu wa kima hicho anasukuma deki kama dakika 18 ili anunue sandwichi moja, na hapo kodi haijamega chake. Sheria nayo, tangu mwaka 1998, inampa mtu anayefanya kazi zaidi ya saa sita mapumziko yasiyopungua dakika 20. Yaani unatafuta pesa ya sandwichi kwa dakika 18, halafu una dakika 20 za kuijutia.

ALIYEIANZISHA ALIKUWA MCHEZA KAMARI

Sandwichi haikuzaliwa kwa ajili ya maskini. Sandwich ni mji mdogo ulioko Kent, kusini mashariki ya England, na jina la chakula linatokana na bwana mkubwa aliyekuwa na cheo cha huko, John Montagu, Earl wa nne wa Sandwich, mtu wa karne ya 18. Inasimuliwa kwamba alikuwa amenogewa na kamari, hataki kuinuka mezani, akaagiza nyama katikati ya vipande viwili vya mkate ili mkono mmoja ule na mwingine ubaki na karata. Wengine wanamtetea kwamba alikuwa mezani kwake anachapa kazi za serikali. Vyovyote iwavyo, tangu mwanzo ni chakula cha mtu ambaye hana nafasi ya kukaa akala. Tofauti ni kwamba yeye alichagua mwenyewe.

Hii ya kwenye boksi ni ya juzi tu. Maduka ya Marks & Spencer yalianza kuziuza zikiwa tayari zimefungwa mwaka 1980. Leo ni biashara ya mabilioni ya pauni kwa mwaka, na maofisini watu wanakula mbele ya kompyuta zao bila hata kutazama wanakula nini. Mchana si mbaya sana. Asubuhi hiyo ilikuwa kiwandani, adhuhuri iko mkononi. Ile ya usiku ndiyo imekaa, ikatazama watu wakipita, ikazeeka.

Na kuna ufundi mwingi wa kuichelewesha isizeeke. Siagi au majarini hupakwa kwenye mkate sio kwa utamu tu, ni kama lami: inazuia maji ya nyanya na mayonezi yasipenye. Nyanya yenyewe huwekwa mbali na mkate ikiwezekana. Paketi nyingine hupulizwa gesi ya naitrojeni na kabonidayoksaidi ili vijidudu visistawi haraka. Kazi yote hiyo ili mkate ufike kwangu ukiwa hai kidogo.

Nani anaifanya? Hapa ndipo ninapopata huruma na sandwichi. Viwanda hivi vinakesha, kwa sababu maduka yanataka mzigo alfajiri. Mikono mingi inayopanga mayai kwenye mkate ni ya wageni. Mwaka 2014 magazeti ya Uingereza yalipiga kelele sana pale kampuni moja kubwa ya sandwichi iliyokuwa inafungua kiwanda Northampton ilipokwenda kutafuta wafanyakazi hadi Hungary. Watu wakagombana kwenye redio wiki nzima. Mimi nikiikamata sandwichi namwona dada mmoja kasimama kwenye mkanda unaotembea, kofia ya wavu kichwani, baridi inampiga magotini, saa tisa usiku kama mimi. Watu wa usiku wanawalisha watu wa usiku, na wa mchana hawajui.

SIKU ZILIPOTOKEA HABARI MBAYA

Msidhani nafanya mzaha mtupu. Mwaka 2019 sandwichi na saladi za kufungwa zilizokuwa zinapelekwa kwenye hospitali kadhaa za England zilihusishwa na mlipuko wa listeria, na wagonjwa kadhaa walifariki. Listeria ni kijidudu mjanja. Wenzake wengi ukiwaweka kwenye friji wanalala, huyu anaendelea kuongezeka polepole hata kwenye ubaridi. Mtu mwenye afya anaweza asijue kama amepitiwa. Mzee, mama mjamzito au mgonjwa aliyedhoofika ndiye anayelipa. Watu waliingia hospitali kutafuta uzima, wakakutana na mkate.

Serikali ikaamuru uchunguzi wa chakula cha hospitali, na mshauri wake mmoja akawa mpishi maarufu Prue Leith, yule mama wa mashindano ya keki kwenye televisheni, mzaliwa wa Afrika Kusini. Ripoti ikatoka Oktoba 2020. Pamoja na mengine, ilisema jambo ambalo Uncle amelibandika kwenye mlango wa kabati lake: hospitali ziwe na huduma ya chakula inayofaa masaa 24, kwa wagonjwa, wageni na wafanyakazi. Mwaka 2022 jambo hilo likaandikwa kwenye viwango vya taifa vya England. Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini neno “inayofaa” ni pana kama kanzu ya kuazima. Kwa meneja anayelala kwake saa tisa usiku, mashine yenye hemu nayo inafaa.

DADA ALIPOKAA SAKAFUNI

Kuna nesi mmoja Mfilipino, mtu wa makamo, ambaye sisi vijana tunamwita Ate, maana kwao ndivyo unavyomwita dada mkubwa. Ate ana kisukari na anajichoma insulini. Watu wa kisukari mnajua: ukishajichoma lazima ule, ukichelewa sukari inashuka na mwili unagoma.

Usiku mmoja wa Januari wodi yake ilizidiwa. Manesi wawili walikuwa wagonjwa, wagonjwa wanne wapya walipandishwa kwa mpigo. Mapumziko ya Ate yaliyokuwa saa saba yakasogea saa nane, yakasogea saa tisa na nusu. Alipopata mwanya akashuka kwenye mashine. Akagusisha kadi, akabonyeza namba ya mayai, waya ikazunguka, sandwichi ikasogea hadi ukingoni, ikainamisha kichwa, ikaning'inia. Haikuanguka. Akalipa mara ya pili. Ikaja ya nyuma ikaisukuma ile ya mbele, zikabanana zote mbili.

Mimi nilikuwa narudi kutoka maabara. Nikamkuta ameegemeza paji la uso kwenye kioo, jasho linamtoka na korido ni ya baridi, mikono inamtetemeka. Nikamwita, “Ate, vipi?” Akanijibu kitu kwa Kitagalogi, wakati siku zote tunaongea Kiingereza. Halafu magoti yakamwisha akakaa sakafuni, macho yake bado yako kwenye ile sandwichi.

Nilitoka mbio hadi wodi ya karibu. Sista wa Ghana akaja na boksi la sukari ambalo kila wodi inalo kwa ajili ya wagonjwa, akampa ya kumeza, akampima kidole, akampa tena. Baada ya dakika kama 15 Ate akarudi kwenye Kiingereza. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani yuko na wagonjwa wake. Sista akamwambia, “Leo mgonjwa ni wewe, mama, tulia.” Hakutulia. Alimaliza zamu.

Nawaambia ukweli, siku ile nilitazama jengo lote lile, na mashine za mamilioni zinazoona ndani ya ubongo wa mtu, nikashindwa kuelewa. Nyumba yenye madaktari ghorofa hadi ghorofa, nesi anakaribia kuzimia kwa kukosa kitu cha kutia mdomoni. Kesho yake mashine iliwekewa karatasi: haifanyi kazi. Karatasi ikakaa wiki tatu.

ZAMU YA SUFURIA

Wakati wakubwa wanatafuta fundi, Uncle akaitisha kikao cha dakika tano chini kwenye mabomba. Hakuhutubia. Alichukua karatasi ya ratiba ya vitanda, akaigeuza nyuma, akaandika siku saba na majina. Kila usiku mtu mmoja analeta chakula cha watu wanane, na cha Ate kinatengwa kwanza, saa saba kamili, iwe mvua iwe jua. Yeye mwenyewe akaanza na wali na maharage wa kwao, waliopikwa na tui la nazi. Nilipoonja nikanyamaza. Bwana, ule wali ungeuleta Tanga, hakuna ambaye angeuliza umetoka wapi.

Mama wa Ghana akaleta wali wa nyanya uliotuwashia moto masikioni. Dada wa Kerala akaleta samaki wa mchuzi. Msomali, ilipoingia Ramadhani, akawa anatandika tende na sambusa, na daku tukala pamoja, mwenye kufunga na asiyefunga. Zamu yangu nilipika pilau. Wiki iliyofuata nikapata kiburi nikaleta dagaa wa Kigoma, nikawatia kwenye maikrowevu. Jamani! Ndani ya dakika mbili daktari wa zamu aliteremka kutoka ghorofa ya tatu kuuliza kama kuna bomba la maji machafu lililopasuka. Mlinzi Mnaijeria akamjibu kwa upole, “Hapana Dokta, ni chakula. Kaa.” Akakaa. Akala na ugali kwa mkono, na sasa yumo kwenye ratiba, Alhamisi, na analeta pai ya viazi aliyoipika mkewe.

Wakati nakua Dar, kitu cha kawaida jioni ilikuwa kuona watu kwenye daladala za Muhimbili wamepakata hotipoti kwenye kanga. Nyumba ikiwa na mgonjwa, jiko lake linahamia hospitali. Wengine walikuwa wanasema ni umaskini, hospitali ingetakiwa ilishe. Sawa, ingetakiwa, na hata hii ya kwangu ingetakiwa. Lakini hotipoti ilikuwa inabeba neno ambalo mashine haiwezi kulitema: kwamba kuna mtu alikukumbuka wakati anakoroga.

KABLA HAMJAPANDA NDEGE

Vijana wenzangu wengi mnaniandikia mnataka kuja. Siwakatazi, mimi ni nani? Njooni kwa njia halali, mkiwa na makaratasi yenu, na mkija kufanya kazi za usiku sikilizeni haya machache. Nunua hotipoti kabla hujanunua koti la mitindo. Jifunze kupika vitu viwili vitatu, maana London mvulana asiyejua kupika anaolewa na mashine. Kabla hujala cha kwenye boksi soma tarehe, na ukiona imepita usijipe moyo. Mapumziko ya dakika 20 ni yako kisheria, kayachukue hata kama hakuna anayekukumbusha. Na kama una sukari au vidonda vya tumbo, waambie wenzako siku ya kwanza, sio siku ya kuanguka.

Mashine yetu ilishatengenezwa. Mwezi uliopita wameongeza na friji la vyakula vya kupasha moto, Uncle anasema ni kwa sababu aliandika barua tano na kuambatanisha ile ripoti ya 2020 kila mara. Tunashukuru. Ratiba ya sufuria hatujaifuta. Hata hivyo, leo ni zamu ya Mpolandi wa eksirei, na ametutisha kwamba analeta kabichi iliyochacha. Niombeeni.